Je, Uvumilivu ni Kunyamaza?

Wazee wetu walitufundisha kwamba mvumilivu hula mbivu. Tena walitufundisha kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua. Methali hizi mbili zatumika kila siku katika nyumba zetu, wala hatuoni kwamba zaweza kugombana. Ya kwanza yamwambia mgonjwa: stahimili. Ya pili yamwambia: sema. Basi, mtu mwenye maumivu afuate ipi? Akinyamaza, je, ni mvumilivu, au ni mficha maradhi? Akisema, je, ni mkweli, au ni mnung'unikaji?

Wasomaji wapendwa, twataka kulichungua swali hilo kwa kuangalia maradhi fulani ambayo humletea mtu swali hilo kila asubuhi aamkapo. Na twataka kulichungua hapa petu, Butembo na Beni, mahali ambapo watu wamezoea misiba mikubwa hata waona haya kuitaja midogo.

Maradhi yanayofanana na uvivu

Maradhi hayo waganga wa hospitali huyaita polimialjia reumatika, maana yake maumivu ya misuli mingi. Huwapata watu waliopita umri wa miaka 50, na zaidi wale wa miaka 70 na kuendelea. Wanawake huyapata mara mbili au tatu kuliko wanaume. Mganga wa Skotilandi, William Bruce, aliyaeleza mwaka 1888, na jina linalotumika leo lilitolewa na mganga Mwingereza, Barber, mwaka 1957. Chanzo chake wataalamu wangali wanakitafuta. Vitabu vimeyaandika zaidi miongoni mwa wazee wa Ulaya ya kaskazini; kwa Waafrika yametajwa mara chache. Ndiyo sababu mzee wa kwetu akiwa nayo, aweza kuambiwa kwa muda mrefu kwamba ni uzee tu, au ni baridi ya milima, au ni jembe la miaka mingi.

Mwenye maradhi haya huamka shingo, mabega, nyonga na mapaja yamekaza kama kamba iliyolala mvuani. Hawezi kuinua mikono ili afunge kitambaa kichwani. Kugeuka kitandani ni taabu. Kuinuka katika kigoda, hata ashikwe mkono. Ugumu huo hudumu zaidi ya dakika 45, pengine saa nyingi. Kisha, jua likipanda, mwili hulegea kidogo kidogo. Mchana mtu yule yule aonekana uani akichambua maharage, tena akicheka na wajukuu.

Angalieni jaribu lililomo ndani ya jambo hili. Kwetu kazi ni heshima ya mtu. Mnande hujulikana kwa jembe lake na kwa biashara yake. Mashamba yetu yamelala katika miteremko mikali, na mama zetu huipanda wakiwa na mzigo mgongoni, kamba imepita katika kipaji cha uso. Katika nchi ya namna hiyo, mtu abakiye kitandani wakati wengine wanakwenda shambani, halafu mchana aonekane mzima, ataitwaje? Ataitwa mvivu. Hana kidonda cha kuonyesha. Hana homa kali. Mguu wake haukuvimba. Maumivu yake yamevaa nguo za uvivu, na hana shahidi ila kinywa chake mwenyewe.

Basi wengi huona heri kunyamaza. Lakini tusiwasifu upesi. Kwanza tutazame yale yanayofuata, mgonjwa akiisha kupata dawa.

Dawa yenye fadhila na deni

Tarehe 21 Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, mganga Philip Hench na wenzake walianza kumdunga mama mmoja dawa mpya iitwayo kotizoni. Mama huyo alikuwa na baridi yabisi kali, hata kutembea alikuwa hawezi sawasawa. Baada ya siku chache alitembea. Ulimwengu ulishangaa, na mwaka 1950 Hench, pamoja na Kendall na Reichstein, walipewa tuzo la Nobel. Katika miaka iliyofuata wataalamu wa Uingereza waligundua kwamba maji ya majani ya katani, yale yaliyokuwa yakimwagwa katika mashamba makubwa ya Afrika ya Mashariki, yaweza kutoa kitu cha kutengenezea dawa za jamii hiyo. Hivi jasho la watu wetu nalo limo katika habari ya dawa hizo.

Katika jamii hiyo imo predinisoloni, na ndiyo wanayopewa wenye maradhi tunayoyazungumza. Kabla ya kuitoa, mganga mwangalifu hutafuta kwanza kama mgonjwa hana kifua kikuu au minyoo fulani ya tumboni, maana dawa hii huwapunguza askari wa mwili, na maadui waliojificha huamka. Kisha huanza na miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku. Mara nyingi baada ya siku chache tu mzee aliyekuwa akiinuliwa huinuka mwenyewe. Wenye nyumba husema: Amefufuka! Naye mwenyewe hushangaa, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Lakini fadhila hii ina deni. Juu ya figo zetu ziko tezi mbili ndogo ambazo kila siku hutengeneza kitu cha jamii ile ile ya kotizoni, nacho ni cha lazima kwa uhai. Kidonge kikija kutoka nje kila siku, tezi hizo hulala, kama mlinzi anayesinzia kwa kuwa mwenzake yuko mlangoni. Tena dawa ikitumika siku nyingi hupunguza nguvu ya mifupa, huongeza sukari katika damu, hudhuru macho, hulegeza misuli. Kwa hiyo haifai kukaa nayo kwa wingi, wala haifai kuiacha kwa ghafula. Aliyeitumia kwa muda mrefu akiiacha siku moja, aweza kutapika, kuishiwa nguvu, kuzimia, hata kufa, kwa sababu yule mlinzi bado amelala.

Iliyobaki ni njia ya kati: kupunguza polepole. Waganga wa Ulaya na Marekani walishauri pamoja mwaka 2015 kwamba mgonjwa afikishwe kwenye miligramu 10 baada ya majuma manne hadi manane, kisha ipunguzwe miligramu moja tu kila majuma manne. Tena vidonge vyenyewe mara nyingi ni vya miligramu 5; basi mgonjwa humeza viwili leo, na kesho kimoja na nusu, ili apate kushuka kidogo. Safari hiyo huchukua mwaka mmoja, miwili, na kwa wengine zaidi. Ni kama kuteremka mlima wa Lubero wakati wa mvua: anayekimbia huanguka, naye anayekataa kuteremka hatafika nyumbani.

Paja moja, habari nne

Sasa twafika kwenye kiini cha swali letu. Katika kuteremka huko, siku moja mapaja huanza kuuma tena. Mgonjwa aliyekuwa amekwisha kushukuru ajikuta asubuhi ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya mapaja, akijiuliza: Ni nini hii?

Yaweza kuwa mambo manne. La kwanza, maradhi yenyewe yamerudi. Hapo mapaja yote mawili hukaza, mara nyingi pamoja na mabega. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, na hali huongezeka siku kwa siku. Dawa yake ni kurudi kwenye kipimo cha mwisho kilichokuwa kikimfaa, kwa amri ya mganga. La pili, mwili wauulizia ule wingi wa dawa uliozoea. Hapo maumivu huja siku chache baada ya kupunguza, pamoja na uchovu na moyo mzito, lakini hayazidi, na polepole huondoka. Dawa yake ni kungoja. La tatu, dawa yenyewe imekula nguvu ya misuli. Hapo mapaja huwa dhaifu kuliko kuuma: mtu hawezi kuinuka chooni wala kupanda ngazi. Dawa yake ni kupunguza, na kuyafanyisha mapaja kazi ndogo ndogo. La nne, ni jambo jingine kabisa: paja moja tu lililochoshwa na jembe, au nyonga iliyochakaa, au mfupa uliopasuka, au homa. Hilo lahitaji kupimwa.

Mwaona shida? Mgonjwa asema maneno matatu tu, "Mapaja yangu yaniuma," lakini majibu yake yapingana: ongeza, ngoja, punguza. Vipimo vya damu husaidia, kama kile cha kutazama jinsi chembe nyekundu zinavyozama katika kijiti cha kioo kwa saa moja. Lakini havitoshi. Lazima ajulikane ni lini yalianza, ni paja moja au yote mawili, ni asubuhi au jioni, ni maumivu au ni udhaifu, yazidi au yapungua. Na mambo hayo hayamo katika kioo wala katika mashini. Yamo katika ufahamu wa mgonjwa peke yake. Akinyamaza, mganga abaki kukisia gizani, na kosa lolote katika kukisia huko litalipwa na mwili wa mgonjwa.

Kwa hiyo twasema: kwa mtu wa namna hii, kusema maumivu yake ni sehemu ya matibabu yenyewe, sawa na kumeza kidonge. Anayemeza kidonge na kuficha maumivu ametumia nusu ya dawa.

"Wenzangu wamezika watoto"

Hata hivyo, ziko hoja zinazomfunga kinywa mtu wetu, nazo si za kijinga. Tumfikirie mama mzee wa Butembo. Si mtu fulani. Ni mfano, lakini wasomaji watamtambua. Mapaja yamemrudia, naye hasemi. Mke wa mwanawe amwuliza, "Mama, umeamkaje?" Ajibu, "Nimeamka salama, mwanangu." Moyoni afikiri hivi: Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa katika eneo la Beni. Jirani yangu alikimbia kutoka huko bila mume na bila nguo. Mwingine alizika watoto wawili wakati wa Ebola. Mimi nani niseme habari za mapaja? Tena afikiri: Fedha ya safari na vipimo ni fedha ya karo ya mjukuu.

Mawazo hayo yana wema ndani yake, wala hatutaki kuyadharau. Mtu anayekumbuka msiba wa jirani kabla ya wake mwenyewe ana moyo mzuri. Lakini hebu tuyapime.

Hoja ya kwanza yafikiri kwamba maumivu yamepangwa mstari kama ndoo kisimani, na mwenye dogo sharti asubiri mpaka wenye makubwa wamalize kuteka. Je, ndivyo yalivyo? Mama huyu akinyamaza, jirani aliyefiwa apata nini? Mtoto wake harudi. Machozi yake hayapungui hata tone moja. Kunyamaza kwa mmoja hakumwondolei mwingine chochote. Kungekuwa na kidonge kimoja tu na wagonjwa wawili, hapo tungepima nani ahitaji zaidi. Lakini ukweli hauishi kwa kusemwa, wala sikio haliishi kwa kusikia. Tena aliyefiwa naye ana mapaja, naye atazeeka. Tukifanya desturi kwamba mbele ya vita hakuna ruhusa ya kutaja ugonjwa, basi vita vitakuwa vimetunyang'anya hata haki ya kuugua kama watu wengine.

Hoja ya pili, ile ya karo, ni nzito zaidi, kwa kuwa hapo fedha ni moja na haja ni mbili. Kujinyima kwa ajili ya mtoto ni tendo jema. Lakini kuna kujinyima kwa wazi na kujinyima kwa siri. Mama akisema mbele ya wanawe, "Mapaja yamenirudia, na karo nayo imefika, tufanyeje?" hapo jamaa yote yapima, na pengine itapatikana njia: kuuza kuku, kukopa kwa ndugu, kumwomba mwalimu muda. Lakini akiacha dawa kwa siri, amewafanyia wanawe jambo ambalo wasingalilikubali. Siku atakapoanguka, watalipa mara kumi ya ile karo, na juu yake watabeba majuto ambayo hawakuyatafuta. Zawadi gani hiyo, ambayo apewaye angeikataa kama angalijua?

Kusema si kunung'unika

Huenda mwingine atatuambia: Mwafundisha watu kulalamika. La, sivyo. Twatenga mambo mawili yanayochanganywa. Anayenung'unika arudia maumivu yake kwa kila apitaye, wala hataki jibu. Ataka wote wawe na huzuni kama yeye. Anayesema ukweli huchagua mtu wa kumwambia na saa ya kumwambia, husema lililopo bila kuongeza wala kupunguza, kisha husikiliza jibu. Akiisha kusema, hurudi kwenye kazi anayoiweza. Huyu hakuvunja uvumilivu. Uvumilivu wake umepata macho.

Zamani, katika karne ya mwisho kabla ya Kristo, alikuwako katika kisiwa cha Rhodos mwenye hekima, jina lake Posidonius. Alikuwa wa chama cha wale walioshika kwamba maumivu si ubaya wa kweli, ila ubaya wa kweli ni uovu wa moyo. Cicero asimulia kwamba jemadari Pompeius alipomzuru alimkuta amelala, viungo vyamwuma vikali. Hata hivyo alimfundisha pale kitandani. Na maumivu yalipomchoma, aliyasema waziwazi mbele ya mgeni wake: aliyakiri kuwa ni usumbufu, ila hakukiri kuwa ni ubaya. Twaona basi kwamba hata yule aliyesifiwa kwa ugumu hakujifanya hana kitu. Aliyataja maumivu yake kwa jina, kisha akakataa yasimtawale. Wengi wetu twafanya kinyume: twakataa kuyataja, nayo yatutawala.

Naye Ayubu, ambaye twamtaja kila tutakapo mfano wa uvumilivu, je, alinyamaza? Kitabu chake karibu chote ni maneno. Na mwaka 1957, mwaka ule ule Barber alipoyapa maradhi haya jina lake, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwajibu waganga waliomwuliza juu ya dawa za kuondoa maumivu. Aliwafundisha kwamba mkristo halazimishwi kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na kwamba yaweza hata kumzuia mtu asitende mema. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mama mzee kwamba kuomba msaada ni upungufu wa imani.

Lakini haki hiyo ina mpaka wake. Dawa ikichukuliwa kwa siri, bila kipimo, hugeuka bwana. Katika miji yetu vidonge vya jamii hii vyauzwa hata na wasio waganga, na wako wanaovimeza ili wanenepe. Deksametasoni, ambayo ni ndugu yake predinisoloni, ina nguvu kuliko hiyo mara sita au saba kwa kila miligramu. Mgonjwa anayeficha maumivu kwa mganga wake, kisha jioni akaongeza vidonge alivyonunua sokoni, amedanganya mara mbili: amesema hana maumivu, na amesema anapunguza dawa. Wala hatupunguzii kosa kwa kuwa alifanya hivyo kwa aibu. Aibu yake ndiyo tunayotaka kuiondoa.

Nchi yetu imejifunza kwa uchungu

Sisi wa Butembo na Beni hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushuhuda juu ya maumivu yaliyofichwa. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Ilifika Butembo na Katwa, ikaenea huku na huko, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Walihesabiwa wagonjwa 3470, na kati yao 2287 walikufa. Dalili zake za mwanzo zilikuwa homa, uchovu, kichwa, na maumivu ya misuli. Basi, mtu aliyeamka misuli ikimwuma aliogopa kusema. Alijificha kwake au kwa ndugu, naye aliyemhurumia akamwosha na kumlisha, na kesho yake ndugu huyo akaugua.

Lakini tuseme haki. Watu hawakuficha kwa ujinga tu. Walikuwa wameona miaka mingi ya mauaji bila mlinzi. Kisha, Desemba 2018, nchi ilipopiga kura, kura ya Beni na Butembo iliahirishwa hadi Machi 2019, na sababu iliyotajwa ilikuwa Ebola pamoja na ukosefu wa usalama. Wengi walijiuliza kama ugonjwa huo ni wa mwili au wa siasa. Chuki ikapanda hata vituo vya matibabu vikachomwa, na tarehe 19 Aprili 2019 mganga Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi hapa Butembo akiwa kazini.

Mafundisho yake yana pande mbili. Anayeficha maumivu aweza kujidhuru yeye na wenzake: huo ni upande wa kwanza. Upande wa pili ni huu: watu husema maumivu yao pale tu wanapotumaini kwamba wataaminiwa na kutendewa kama watu. Hatuwezi kumdai mgonjwa ukweli huku sisi tumefunga mlango wa kusikia. Na zaidi ya watu 1100 walipona Ebola ile. Wengi miongoni mwa waliopona Ebola, hapa na kwingineko, wamebaki na maumivu ya viungo na misuli ambayo jicho halioni. Nao pia huambiwa: Umepona, walalamika nini tena?

Wajibu wa wanaosikia

Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa jamaa ni kuamini. Si lazima mtu athibitishe maumivu yake kama anayeshtakiwa barazani. Mke wa mwana akimwona mama mkwe amelala asubuhi na kuchambua maharage mchana, asiseme, "Huyu ajua kuchagua saa za ugonjwa." Ajue kwamba maradhi yenyewe ndiyo yanayochagua saa. Amwachie kazi ya mchana, naye achukue ya asubuhi. Hivyo mzee atabaki na heshima ya kazi, na nyumba itapata mikono yake.

Wajibu wa pili ni kuuliza vizuri. Swali la "Umeamkaje?" kwetu lina jibu lake tayari, ni salamu tu. Aulizwe hivi: "Mama, leo mapaja yalilegea saa ngapi? Jana je? Uliinuka mwenyewe?" Mjukuu anayesoma shule aweza kuandika majibu katika daftari kila siku, pamoja na hesabu ya vidonge. Daftari ya namna hiyo yafaa sana mbele ya mganga, na bei yake ni ndogo.

Wajibu wa tatu ni kujua hatari. Mwenye maradhi haya akipatwa na kichwa kipya penye vipaji vya uso, au mataya yakichoka anapotafuna, au macho yakififia, asingoje kesho. Maradhi haya yana ndugu yake anayeshambulia mishipa ya damu, naye aweza kumpofusha mtu daima. Apelekwe hospitali siku ile ile. Hali kadhalika akitapika hata vidonge havikai tumboni.

Wajibu wa nne watuhusu sisi kuliko watu wengi wa dunia. Wanaokimbia usiku huchukua mtoto na mkeka, vidonge husahaulika. Tumekwisha eleza hatari ya kuacha dawa kwa ghafula. Basi jamaa wajue dawa iko wapi, iwe katika mfuko mmoja karibu na mlango, pamoja na karatasi yenye jina la dawa na kipimo chake. Lakini watajuaje kama mzee hakusema kwamba aitumia? Hapo siri ya mgonjwa yaweza kumwua njiani, kati ya Beni na Butembo, kilomita zipatazo 54, bila mtu kujua kwa nini ameanguka.

Jibu letu

Twarudi kwenye methali zetu mbili. Twaona sasa kwamba hazigombani. Mvumilivu hula mbivu, lakini hakuna tunda linaloiva gizani ndani ya chungu kilichofunikwa daima. Mwenye ndizi hufunua na kutazama. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kupunguza dawa. Avumilie mwendo wa polepole, avumilie asubuhi nzito, avumilie kurudi nyuma hatua moja baada ya kusonga mbele tatu. Hayo ndiyo ya kuvumiliwa. Kudhaniwa mvivu bila kujitetea, kukisiwa na mganga, kuacha dawa kwa siri ili asisumbue watu, hayo hayakuwekwa ya kuvumiliwa. Hayo yaondolewa kwa neno moja la kweli.

Kwa hiyo, ninyi wazee wetu wenye maumivu yasiyoonekana, semeni. Semeni kwa kipimo, kwa mtu afaaye, kwa saa ifaayo, bila kuongeza na bila kupunguza. Nasi tulio wazima bado, tukiambiwa kesho asubuhi, "Mapaja yangu yamerudi kuuma," tusijibu kwa habari ya msiba mkubwa zaidi. Tuvute kigoda, tuketi, tuulize: Tangu lini?